Rafu ya watoto wa nyoka: angalia pengo
Kaka, kwa rafu ya kufugia isiyo na mifuniko (ubao wa juu ndio hufunika chombo), nunua vyombo vya plastiki kwanza ndipo ukate mbao. Tumia plaiwudi ya mm 18. Nyembamba hupinda katikati na pengo linapanuka. Kati ya ukingo wa chombo na ubao wa juu acha mm 2 tu, maana kitoto chembamba hupenya mm 5 bila shida. Waya wa joto upite nyuma, chini ya chombo, kwenye theluthi yake moja tu, kupitia themostati (kifaa cha kudhibiti joto) iliyowekwa nyuzi 31. Usiku wa Julai hapa Dodoma utauhitaji sana. Novemba chumba cha bati kikizidi nyuzi 32, nyoka hana pa kupoa: hamisha rafu. Matundu ya hewa ya vyombo toboa kwa msumari wa moto kutoka ndani, makali yabaki nje.