Australia ilipata uhuru lini hasa? Jibu kwa mwalimu wa Historia

SWALI: Shikamoo wakili. Nafundisha Historia kidato cha tano na cha sita. Kwenye jaribio niliuliza Australia ilipata uhuru mwaka gani. Wengi waliandika 1901, wachache 1942, na mmoja akaandika 1986 bila wasiwasi wowote. Nani apewe alama? Halafu wakanibana: kama nchi ile iko huru, iliwezekanaje mwaka 1975 mwakilishi wa Malkia amfukuze kazi waziri mkuu aliyechaguliwa na wananchi? – Mwalimu, Dodoma

JIBU: Marahaba mwalimu. Wape alama wote watatu, ilimradi kila mmoja ataje sheria anayoitegemea. Kasoro iko kwenye swali. Sisi tumezoea uhuru wenye tarehe na saa: usiku wa kuamkia 9 Desemba 1961 bendera ya Uingereza ikashuka, ya Tanganyika ikapanda, basi. Australia haijawahi kuwa na usiku wa namna hiyo. Sikukuu yao ya taifa, 26 Januari, inakumbuka mwaka 1788, Kapteni Arthur Phillip alipoipandisha bendera ya Uingereza pale Sydney baada ya kufika na meli 11 za wafungwa na walinzi wao. Waaborijini, wenyeji wa asili wa nchi hiyo, wengi wao huiita siku ya uvamizi, na sioni cha kuwabishia.

Tuanze na 1901. Tarehe 1 Januari mwaka huo makoloni sita yaliungana kuwa shirikisho moja. Katiba waliiandika wenyewe kwenye mikutano yao, wakaipigia kura. Lakini ili iwe sheria ilibidi ipelekwe London, ikapitishwa na Bunge la Uingereza mwaka 1900. Ukiitafuta leo utaikuta ndani ya kifungu cha 9 cha sheria hiyo ya Uingereza. Kwa hiyo wa 1901 wako sahihi kama wanazungumzia kuzaliwa kwa dola. Kama wanazungumzia mamlaka kamili, bado. Mambo ya nje yalibaki London, na vita vilikuja kwa mlango huohuo. Tarehe 3 Septemba 1939 waziri mkuu Robert Menzies aliwatangazia wananchi redioni kwamba Uingereza imeingia vitani na Ujerumani, na kwa sababu hiyo Australia nayo iko vitani. Bunge lake halikuulizwa.

Cha kushangaza ni kwamba wakati huo hawakuwa wamenyimwa kitu. Sheria ya Westminster (yaani ya Bunge la Uingereza) ya 1931 ilikuwa imeshayapa mabunge ya Kanada, Afrika Kusini, Ireland, Australia, New Zealand na Newfoundland uwezo wa kutunga sheria bila kufungwa na sheria za London. Kwa upande wa Australia iliwekwa sharti kwamba ianze kutumika pale Bunge lao litakapoikubali. Mlango uliachwa wazi, nao wakakaa ndani miaka 11. Wanasiasa wengi waliona kuuvuka ni kuukana ukoo, maana walijihesabu Waingereza walioko ng'ambo. Na huko kujihesabu Waingereza kulihusu pia rangi ya ngozi. Miongoni mwa sheria za mwanzo za shirikisho, mwaka 1901, ilikuwepo ya kuzuia wahamiaji: afisa aliweza kumpa mtu asiyetakiwa imla katika lugha yoyote ya Ulaya, akishindwa anarudishwa alikotoka. Siasa hiyo ya Australia ya weupe ilifutwa kabisa mwaka 1973 tu.

Kilichowatoa ndani ni hofu. Desemba 1941, Japani ikiwa inateremka kusini kwa kasi, waziri mkuu mpya John Curtin aliandika gazetini kwamba Australia sasa inaitazama Marekani, bila kuona uchungu kuhusu udugu wake wa zamani na Uingereza. Tarehe 15 Februari 1942 Singapore, ngome waliyoambiwa haitaanguka, ikaanguka, na Waaustralia wapatao 15,000 wakatekwa. Mwaka huohuo palikuwa na kesi ambayo wanasheria wanaikumbuka zaidi: mabaharia wawili wa meli ya kivita HMAS Australia walihukumiwa kifo kwa kumuua mwenzao. Walishtakiwa chini ya sheria ya kijeshi ya Uingereza, kwa hiyo serikali ya Canberra, mji mkuu wa shirikisho, haikuwa na uwezo wa kuwapunguzia adhabu raia wake yenyewe, mpaka Mfalme alipoibadilisha kuwa kifungo cha maisha. Oktoba 1942 Bunge likaikubali Sheria ya Westminster, tena likairudisha nyuma hadi 3 Septemba 1939, ili sheria zote za wakati wa vita zipate msingi usiotikisika. Mwanafunzi akiniandikia hilo la kurudisha nyuma, mimi namwongezea alama.

Sasa huyo wa 1986, ambaye nadhani ndiye mwanasheria wenu wa kesho. Uhuru wa 1942 ulilihusu shirikisho. Majimbo sita, yaani yale makoloni ya zamani, yalibaki na hali ya ajabu: kwa mambo kadhaa yalikuwa bado yamefungwa moja kwa moja na London, yakiipita Canberra. Sheria ya jimbo iliyopingana na sheria ya Uingereza iliyokusudiwa kutumika huko ilikuwa batili, kwa mujibu wa sheria ya kikoloni ya 1865. Gavana wa jimbo aliteuliwa na Malkia kwa ushauri wa mawaziri wa Uingereza, na ushauri huo haukuwa muhuri tu. Mwaka 1976 serikali ya Queensland ilitaka gavana wake aongezewe muda, London ikakataa. Rufaa nazo: zile za kutoka Mahakama Kuu ya Australia, ambayo kwao ndiyo ya juu kabisa, zilizibwa kwa sheria mbili, ya 1968 na ya 1975. Lakini mtu aliyeshindwa kwenye mahakama ya jimbo aliendelea kuwa na hiari ya kupanda ndege na kesi yake hadi Privy Council, baraza la Malkia lililosikiliza rufaa huko London. Nchi moja, mahakama mbili za mwisho. Wakili mjanja alichagua ile iliyomfaa mteja wake.

Sheria ya Australia ya 1986 ndiyo iliyofunga hayo yote. Tena ilitungwa mara mbili, mara moja Canberra na mara moja Westminster, kwa maneno yanayokaribia kufanana, kwa sababu wanasheria hawakuafikiana nani hasa alikuwa na mamlaka ya kukata kamba ya mwisho. Wakaona heri ikatwe pande zote mbili. Malkia Elizabeth II alitia saini tangazo lake Canberra tarehe 2 Machi, na kesho yake ikaanza kazi.

Kati ya 1942 na 1986, usidhani Waaustralia ndio waliokuwa wakivuta kila mara. Kwa maoni yangu Uingereza iliondoka kwanza. Baada ya vita, mtu mzima wa Uingereza aliweza kuhamia Australia kwa nauli ya pauni 10, na zaidi ya milioni moja walikwenda. Julia Gillard, waziri mkuu wa baadaye, alizaliwa Barry huko Wales na kufikishwa Australia na wazazi wake mwaka 1966. Lakini London ilikuwa imeshaanza kutazama Ulaya. Tarehe 1 Januari 1973 Uingereza iliingia Jumuiya ya Ulaya, wafugaji wa ng'ombe wa maziwa na wakulima wa matofaa wa Tasmania wakapoteza soko lao la uhakika. Siku hiyohiyo ikaanza sheria mpya ya uhamiaji, na mtu wa Melbourne asiye na mzazi, babu wala bibi aliyezaliwa Uingereza akawa mgeni wa kuomba kibali kwenye nchi aliyofundishwa shuleni kuiita nyumbani. Kwa bahati yao Japani, adui wa jana, ilikuwa imeshakuwa mnunuzi wao mkubwa kuliko Uingereza tangu katikati ya miaka ya 1960.

Nije kwenye 1975. Sir John Kerr, Gavana Mkuu, yaani mwakilishi wa Malkia, alimwondoa waziri mkuu Gough Whitlam tarehe 11 Novemba baada ya Seneti kuzuia bajeti kwa wiki kadhaa. Kerr alikuwa Mwaustralia, jaji mkuu wa zamani wa New South Wales, na aliyempendekeza kwa Malkia ni Whitlam mwenyewe. Kifungu cha 64 cha katiba kinasema mawaziri hushika kazi kwa ridhaa ya Gavana Mkuu. Spika alipomwandikia Malkia amrudishe Whitlam, jibu la katibu wa Malkia lilikuwa kwamba katiba imeyaweka mamlaka hayo mikononi mwa Gavana Mkuu, na Malkia hana nafasi ya kuingilia. Barua kati ya Kerr na ikulu ya London zilizofunguliwa mwaka 2020 zinaonyesha walikuwa wakijadili uwezekano huo mapema, ila Kerr hakumwarifu Malkia kabla ya kutenda. Waambie vijana: wembe ulitengenezwa Uingereza, mkono ulikuwa wa Kiaustralia. Tanganyika nayo ilikuwa na Gavana Mkuu, Sir Richard Turnbull, kwa mwaka mmoja, kabla ya kuwa jamhuri tarehe 9 Desemba 1962. Waaustralia waliulizwa kuhusu jamhuri kwa kura ya maoni mwaka 1999, na karibu asilimia 55 wakasema hapana.

Kuna waliouona ufalme kwa jicho lingine kabisa, na vitabu vyetu huwaruka. Mwaka 1937 William Cooper, mzee wa jamii ya Waaborijini ya Yorta Yorta, alikabidhi serikali ombi lenye saini 1,814 za Waaborijini, lifikishwe kwa Mfalme George VI ili wapate mwakilishi bungeni. Kwao Mfalme alikuwa mahali pa kumshtakia mlowezi. Baraza la mawaziri likaamua lisipelekwe.

Ukitaka kuwapa swali gumu zaidi, waulize Uingereza ilianza lini kuwa nchi ya kigeni kwa Australia. Mahakama Kuu ilijibu mwaka 1999 katika kesi ya Sue dhidi ya Hill: Heather Hill, aliyeshinda kiti cha Seneti huku bado akiwa na uraia wa Uingereza, alikipoteza kwa sababu katiba inawakataa wenye utii kwa dola ya kigeni, na Uingereza sasa ni mojawapo. Hata hivyo raia wa Uingereza waliokuwa kwenye daftari la wapiga kura la Australia tarehe 25 Januari 1984 wanapiga kura mpaka leo bila kuchukua uraia, na wasipokwenda kituoni bila sababu hutozwa faini kama wenyeji.