Gari letu ndiyo nyumba yetu: je, sisi ni wasafiri?

SWALI: Assalamu alaykum, Sheikh. Mimi na mke wangu ni walimu wastaafu, wakaazi wa Bondeni, Nakuru. Tulinunua matatu kuukuu, tukang'oa viti, tukatia godoro, jiko la gesi na jerikeni mbili za maji. Mwezi ujao tunashuka Pwani, tuanzie Vanga tupande hadi Lamu, tukilala garini. Nimemwambia mke wangu tutapunguza sala, zile za rakaa nne tuziswali mbili. Anakataa: msafiri ni aliyeacha nyumba, nasi nyumba tunakwenda nayo, tena ni matembezi tu. Na maji yakipungua, tunaweza kutayamamu, yaani kujitwaharisha bila maji, kwa mchanga wa ufuoni?

JIBU: Wa alaykumu salaam warahmatullahi wabarakatuh.

Mwalimu, swali la mkeo si la mchezo. Mafakihi, wanazuoni wa sheria ya dini, walilijadili zamani, kabla gari halijajulikana, katika habari ya baharia anayeishi chomboni na mkewe na wanawe, na tanuri lao humo humo. Imam Ahmad, mwenye madhehebu ya Hanbali, alisema huyo hapunguzi, kwa kuwa hana makao mengine ya kurejea. Kwetu sisi Mashafii, wafuasi wa Imam Shafi, anapunguza, ingawa akitimiza ni bora, ili atoke katika khitilafu ya wanazuoni. Lakini ninyi hata kwa Imam Ahmad hamuingii hapo. Nyumba mnayo Bondeni, mtafunga mlango na ufunguo mtamwachia jirani. Hilo gari ni kipando chenye godoro, basi. Na Lamu lenyewe haliingii: mtaliacha Mokowe mvuke kwa boti, na siku hiyo Mama atakuwa ameiacha hata hiyo nyumba yake ya pili.

Ama kuwa ni matembezi, matembezi ya halali ni safari kama safari nyingine. Ya'la bin Umayya alimuuliza Sayyidna Umar: aya ya 101 ya Suratun Nisaa imetaja hofu, na sasa watu wako katika amani, mbona bado tunapunguza? Umar akamjibu kuwa naye jambo hilo lilimstaajabisha, akamuuliza Mtume (s.a.w.), naye akasema: "Ni sadaka aliyowapa Mwenyezi Mungu, basi ipokeeni sadaka yake." Imepokewa na Muslim. Kwa hiyo Mama asione haya kwa rakaa zake mbili.

Kinachonitia wasiwasi mimi ni kingine. Wastaafu hawana kengele ya shule, na watu wa namna hiyo huondoka wakisema "tutaona njiani". Msiseme hivyo. Anayetangatanga bila kujua aendako hapunguzi. Nuieni Vanga kisha Lamu kabla ya kuwasha gari, na ruhusa yenu inaanza nyumba za Nakuru zikishabaki nyuma. Masafa hayana shaka: kiwango ni kilomita 80 na kitu, na hadi Mombasa peke yake ni zaidi ya 600. Adhuhuri, Alasiri na Isha ni mbili mbili. Magharibi na Alfajiri haziguswi. Mkiswali msikitini nyuma ya imamu mwenyeji, timizeni naye.

Kisha angalieni vituo. Mkiingia Malindi kwa nia ya kukaa siku nne kamili, bila kuhesabu siku ya kuingia na ya kutoka, ruhusa imekatika papo hapo mnapofika. Msingoje siku ya tano. Lakini tuseme giaboksi imekufa Kilifi, fundi anawaambia spea inakuja kesho, na kesho yake tena anasema kesho. (Mafundi ni wale wale, Nakuru na Kilifi.) Hapo hamkunuia kukaa, mmezuiliwa. Mtaendelea kupunguza hadi siku 18, kwa mfano wa Mtume (s.a.w.) alivyokaa Makka mwaka wa Ufunguzi, Waislamu walipoutwaa mji huo, kama alivyopokea Imran bin Husayn.

Sasa mchanga. Mtu mmoja alimwambia Mtume (s.a.w.): sisi hupanda bahari na huchukua maji machache, tukitawadhia tutashikwa na kiu, je, tutawadhe kwa maji ya bahari? Akajibu: "Maji yake ni tohara, na maiti wake ni halali." Mtu huyo ni ninyi hasa, na jerikeni zenu mbili. Mtaegesha gari bahari ikiwa hatua hamsini mbele yenu, halafu mtafute mchanga wa nini? Isitoshe, kwa Mashafii tayamamu hutaka udongo wenye vumbi la kushika kiganjani. Mchanga wa ufuoni ulioloa, ukiupiga kofi, mkono unatoka na chembe tu.

Pandisheni suruali, mshuke mkatawadhe kwenye wimbi. Maji ya jerikeni wekeni ya kunywa na ya chai.

Wallahu aalam.