Muulize Bwana Miti: Mama mkwe ataweza kuzunguka Duluti?

*Shikamoo Bwana Miti. Mama mkwe wangu amekuja kututembelea kutoka Singida. Ana miaka 67 na goti la kulia linamsumbua. Watoto wameng'ang'ania Jumapili twende Ziwa Duluti tukazunguke msituni, na bibi yao asiachwe. Mume wangu anasema kule ni kwa wazungu, na njia yenyewe ni ya kuparamia. Tutaweza?*
*Msomaji wa Njiro, Arusha*

Marahaba, mwanangu. Naanza na mumeo. "Kule ni kwa wazungu" ni maneno yanayonikera tangu nilipokuwa kazini idara ya misitu, na kustaafu hakujanipoza. Duluti ni msitu wa hifadhi, uko chini ya TFS, yaani Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, na Mtanzania analipa kiingilio kidogo kuliko mgeni wa nje. Pale getini utapewa namba ya malipo ulipie kwa simu, kwa hiyo hakikisha ina salio kabla hujatoka nyumbani. Mwambie aache visingizio, avae raba.

Sasa goti. Njia inalizunguka ziwa lote ndani ya miti, mara iko usawa wa maji, mara inapanda ukingoni. Mwenye haraka anamaliza kwa saa moja na kidogo. Ukiwa na mzee na watoto, weka saa mbili na nusu na usimtazame mtu saa. Kinachosumbua si urefu, ni vile vipande vifupi vya kupanda na kushuka, na mizizi iliyokatiza njia. Goti bovu huumia zaidi wakati wa kushuka, kwa hiyo mtafutie mama fimbo imara, na kwenye mteremko ashuke ubavu, mguu wenye goti bovu ukitangulia chini.

Na kumbuka, njia ya kuzunguka haina huruma kwa anayeghairi katikati. Mkifika nusu, kurudi na kuendelea ni umbali uleule. Mtembezeni kwanza kama dakika ishirini, halafu aulizwe yeye mwenyewe, si watoto, wala si wewe unayemwonea haya. Akisema goti limeanza kulalamika, rudini naye mkae kivulini karibu na maji, na baba watoto amalizie mzunguko na wanawe. Wazee wengi hawasemi wanapoumia ugenini, hasa mbele ya mkwe. Mtazame anavyokanyaga.

Msifike saa sita mchana. Fikeni saa mbili asubuhi, ndege wakiwa bado kazini. Kaeni kimya kidogo mahali maji yanapoonekana, mtamsikia furukombe kabla hamjamwona, kichwa cheupe, juu ya mti mkavu. Mdiria naye hukaa kwenye tawi lililoinamia maji, kisha anajitupa. Watoto watafurahia zaidi kenge anayeota jua, na kima wanaorukaruka juu ya mikuyu. Kima na tumbili wasipewe chakula hata kidogo. Ndizi ikae ndani ya mkoba, na mkoba ufungwe. Nyani mdogo aliyezoea kulishwa na wageni huwa jambazi, na mwisho wake huwa mbaya kwake kuliko kwenu.

Mvua ikiwa imenyesha usiku, ahirisheni. Udongo wa pale ni wa volkano, ukilowa unateleza vibaya, na mvua hiyohiyo huwatoa siafu. Kandambili na yeboyebo ziacheni nyumbani. Suruali iingizwe ndani ya soksi, hata kama binti yako mkubwa ataona aibu. Mkikuta mstari mweusi unakatiza njia, rukeni, msisimame kuushangaa. Juni na Julai kuna baridi na ukungu, mama wa Singida atahitaji sweta. Kukiwa na uwazi asubuhi, mwulizeni mwongozaji mahali pa kusimama ili mwone Meru, na mkibahatika na Kilimanjaro.

Kwa usafiri, pandeni kifodi cha kwenda Usa River, mshuke Tengeru. Kutoka barabara ya Moshi kwenda ziwani ni upande wa kusini. Kwa goti lile, mama apande bodaboda au bajaji, msimchoshe kabla hajaanza.

Tengeru hapohapo kuna makaburi ya Wapolandi. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, kuanzia 1942, wakimbizi wa Kipolandi wapatao 5,000, wengi wanawake na watoto, waliishi kambini hapo baada ya kupitia Urusi na Uajemi. Waliofia hapa wamelala hapa. Mimi huwapeleka wajukuu wangu, maana shuleni husikia habari za wakimbizi wakadhani ni watu wa aina moja tu.

*Bwana Miti, mimi ni kijana wa Sakina. Wazee wanasema Duluti halina mwisho chini, na limeungana na bahari. Pia hakuna mto unaoingia. Maji yanatoka wapi? Na naweza kuogelea?*

Mwisho upo. Kina chake ni kama mita 9, na watafiti wamewahi kuchimbua tope la chini kabisa ili wasome historia ya ukame na mvua za nyakati zilizopita. Huwezi kuchimba tope la shimo lisilo na mwisho, kijana.

Ulilosema kuhusu mto ni kweli. Duluti ni kreta, kama bakuli lililochimbwa na volkano kando ya Mlima Meru. Halina mto wa kuingia wala wa kutoka juu ya ardhi. Maji huja kwa mvua na kwa chini, yakichuja kwenye miamba, na si ya magadi kama ya maziwa ya Momella. Ndiyo maana nilikuwa mkali sana kazini kuhusu ule ukanda mwembamba wa miti. Kuzunguka pande zote kuna mashamba, na udongo, mbolea na dawa za mimea zikishuka ziwani hakuna mto wa kuzisukuma ziende zake. Mizizi ndiyo mlinzi wa mwisho. Chupa yako ya soda nayo ikiingia, imehamia.

Kuogelea, hapana. Ukingo wa kreta unazama ghafla, hatua mbili tu huna chini, na kwenye maji yaliyotulia yenye konokono kichocho kinawezekana. Ukitaka maji, uliza mtumbwi wa kukodi, na jaketi la kujiokoa livaliwe, lisikaliwe.

*Tunaweza kwenda na spika na kuchoma nyama tukimaliza kutembea? Tuko kikundi cha kazini, watu kumi na tano.*
*Msomaji wa Kijenge*

Spika, hapana. Mnakwenda kuwasikiliza nani? Moto uulizeni getini kabla hamjanunua nyama, na mkiruhusiwa, uwe pale watakapowaonyesha, kwa mkaa mliokuja nao. Kuni za msituni haziokotwi, hata kijiti kikavu. Kama mnaweza, nendeni Jumatano au Jumamosi, siku za soko la Tengeru. Ndizi na parachichi mtapata kwa bei ya mkulima, na hamtahitaji moto.