Uliza Ujibiwe: Superman hakuanza kwa kupaa

Tangu tugusie mashujaa wa komiki toleo lililopita, maswali mengi yaliyoingia ni ya Superman, kwa hiyo leo safu yote ni yake.

Shikamoo mhariri. Niko kidato cha tatu, Morogoro. Bwenini kuna mwenzangu anasema Superman wa zamani alikuwa hapai kabisa, anaruka tu kama mwanariadha. Mimi nimekataa, karibu tugombane. Nani mkweli?

Marahaba mwanangu. Mwenzako ndo mkweli. Superman ametoka mara ya kwanza kwenye komiki inaitwa Action Comics namba 1, ya Juni 1938, bei senti 10 za Kimarekani, na humo wameeleza kabisa anaweza nini: anaruka moja ya nane ya maili, yaani kama mita 200 hivi, jengo la ghorofa 20 analivuka kwa mruko mmoja, anakimbia kushinda treni ya ekspresi, ananyanyua mizigo ya ajabu, na ngozi yake haipenywi na kitu labda kombora likipasuka. Basi, imeishia hapo. Macho ya kuchoma hana, pumzi ya barafu hana, na kupaa hapai.

Kupaa kumekuja na redio na sinema. Mchezo wake wa redio ulianza 1940, na kwenye redio msikilizaji hamuoni mtu, anasikia upepo unavuma tu, sasa mtu aliyeko hewani anaruka au anapaa nani atajua? Halafu 1941 studio ya ndugu wawili Fleischer wakaanza kutoa katuni zake za sinema, wakaona mtu mzima anarukaruka kwenye skrini haipendezi, bora apae. Komiki nazo zikafuata, na leo ukimchora Superman hapai watu watakushangaa.

Mimi kwa kweli yule wa 1938 nampenda sana, na ukipata nafasi mtafute. Jalada lake ni lile gari la kijani amelibeba juu juu analipigiza kwenye mwamba, vyuma vinaruka, na kona ya chini kushoto kuna jamaa anakimbia kashika kichwa kwa mikono miwili macho yamemtoka. Ukifungua ndani hakuna jini wala mgeni wa sayari nyingine wa kupigana naye. Kwanza anavunja mlango wa chuma nyumbani kwa gavana usiku ili kumuokoa mwanamke aliyehukumiwa kifo na hana kosa. Kisha anamkuta mwanaume anampiga mkewe, anamrusha ukutani, yule anatoa kisu, kisu kinavunjikia kwenye ngozi, jamaa anazimia. Mbele kidogo anamshughulikia mtu anayewarubuni wanasiasa kule Washington. Marekani ilikuwa bado kwenye mdororo mkubwa wa uchumi, watu hawana kazi, na shujaa waliyemtaka ni wa kumtetea mnyonge kwa mambo hayo hayo wanayoyaona mtaani.

Mimi ni mama wa watoto wawili, Mombasa. Mwanangu aniuliza nguvu za Superman zatoka kwa jua au zatoka kwa sayari yao? Nimeshindwa kumjibu.

Dada, mwambie majibu yamebadilika kadiri miaka ilivyoenda, na yeye hajakosea kuchanganyikiwa.

Asili yenyewe haijabadilika sana: sayari inakaribia kulipuka, baba mwanasayansi anamweka mwanawe mchanga kwenye chombo anamrusha duniani. Mwaka 1938 habari hiyo imepewa ukurasa mmoja tu na sayari haina hata jina, na mtoto anaokotwa na mpita njia na gari lake anapelekwa kituo cha yatima. Jina la Krypton limekuja Januari 1939 kwenye katuni za magazeti, na mwaka huo huo wazee wa familia ya Kent, wale waliomlea, nao wakaingia. Shamba lao kuwa jimbo la Kansas kumetokana na filamu ya 1978, ile ya Christopher Reeve, na ile herufi ya kifuani kuwa nembo ya ukoo nayo imetoka hapo hapo.

Sasa nguvu. Mwanzo walisema watu wa kwao wote miili yao imeendelea kutushinda kwa mamilioni ya miaka, wakatoa mfano wa sisimizi anayebeba mzigo mara nyingi kuliko uzito wake, na panzi anavyoruka. Baadaye wakasema sababu ni mvutano wa Krypton, kwamba kule ni mkubwa kuliko wa huku kwetu, kwa hiyo mtu wa kule akija huku anakuwa mwepesi na mwenye nguvu. Miaka ya 1960 ndo jua likaingia: Krypton ina jua jekundu, letu la njano linaujaza mwili wake nguvu. Hilo ndilo limebaki mpaka leo, kwa hiyo mjibu mwanao kuwa ni jua, na Superman akiwekwa chini ya jua jekundu anakuwa mtu wa kawaida tu.

Kriptonaiti ilikuwepo tangu mwanzo? Msomaji, Bujumbura.

Haikuwepo. Hiyo ni madini ya Krypton yanayommaliza Superman nguvu, na ilisikika kwanza redioni 1943, komiki zikaichukua 1949. Na ilihitajika, maana shujaa asiyeumizwa na chochote hadithi yake inachosha haraka, unajua mwisho kabla hujafungua. Jimmy Olsen yule kijana wa gazetini naye jina lake limetokea redioni.

Mhariri habari za kazi. Naishi Doha, ni dereva. Huyu Superman amewatajirisha watu wengi sana, je hao waliomtunga walipata nini?

Salama kaka. Hili swali ndo lenye uchungu.

Waliomtunga ni Jerry Siegel na Joe Shuster, vijana wa Cleveland, Ohio, wote wamezaliwa 1914 kwenye familia za Kiyahudi za wahamiaji, wamesoma sekondari moja. Jerry anaandika, Joe anachora. Mwaka 1933 kwenye kijarida chao walichokuwa wanatengeneza wenyewe walitoa Superman mwingine kabisa, mwenye kipara na mtu mbaya, wakamwacha, wakamgeuza kuwa mtu mwema. Halafu wakahangaika naye miaka, wanawapelekea wenye magazeti, wanakataliwa.

Ilipofika Machi 1938 wakauza: kurasa 13, kila ukurasa dola 10, jumla dola 130, na kwenye karatasi waliyosaini haki zote za Superman zikaenda kwa kampuni iliyochapa Action Comics. Walikuwa hawajafika miaka 24! Ukweli kazi ya kuandika na kuchora walipewa na kwa miaka kadhaa walilipwa vizuri tu, lakini mali haikuwa yao tena. 1947 wakaenda mahakamani, kesi ikaisha kwa malipo ya kumalizana, wakapoteza kazi na majina yao yakaondolewa kwenye komiki. Fikiria mtu unatunga kitu kinajulikana dunia nzima halafu jina lako linafutwa.

Mwaka 1975, filamu kubwa inaandaliwa, Jerry ni karani wa kawaida California na Joe macho yamekaribia kupofuka kabisa. Jerry akaandika barua kali kwa vyombo vya habari, wachoraji wenzake wakiongozwa na Neal Adams na Jerry Robinson wakapiga kelele mpaka kampuni ikaona aibu, Desemba wakakubali kuwalipa dola 20,000 kwa mwaka kila mmoja, na majina yakarudishwa. Joe amefariki 1992, Jerry 1996. Ile hundi yao yenye zile dola 130 ndani yake imekuja kuuzwa mnadani 2012 kwa dola 160,000, na nakala moja ya Action Comics namba 1 imeuzwa 2024 kwa dola milioni 6. Mimi naona walidhulumiwa, hata kama saini ni zao, kwa sababu aliyenunua alijua biashara na aliyeuza alikuwa na njaa ya kuona kazi yake imechapwa.

Familia zao ziliendelea na kesi miaka mingi na mahakama ziliipa kampuni ushindi. Kilichobaki ni sheria ya Marekani yenyewe, ambayo inailinda komiki ya 1938 kwa miaka 95, kwa hiyo kuanzia Januari 2034 yule Superman wa komiki ya kwanza atakuwa huru kule, yeyote anaweza kumchora na kumtungia hadithi bila kumlipa mtu. Ila yaliyoongezwa baadaye, kriptonaiti na mengine, kila moja litasubiri mwaka wake.