Muulize Mjomba: Net ikikatwa, redio na Monero vitaniokoa?

SWALI: Shikamoo Mjomba. Mi nina duka la vipuri vya pikipiki Nyegezi, Mwanza. Oktoba 29, 2025 net ilivyokatwa siku ya uchaguzi nilikaa siku tano hivi sijui mzigo wangu wa Kariakoo umefikia wapi, maana risiti na picha zote tunatumiana WhatsApp. Sasa kuna jamaa ananishawishi ninunue redio mbili za Meshtastic alafu akiba yangu niihamishie kwenye Monero, sarafu ya kidijitali, eti net izimwe isizimwe naongea, natuma hela, na hakuna wa kuniona, si Benki Kuu (BoT) si watu wa kodi (TRA). Ni kweli au anataka kuniuzia tu?

JIBU: Marahaba mjomba. Redio ni habari nyingine na hela ni habari nyingine, jamaa yako kakufungia kwenye rambo moja. Tuanze na redio, huko ana ukweli kidogo.

Meshtastic ni programu ya bure, inakaa kwenye kiredio cha LoRa, yaani mawimbi ya redio yanayokwenda mbali kwa umeme kidogo, unakiunganisha na simu kwa blutuuthi, unaandika ujumbe, kinarusha, kingine kikisikia kinaupokeza mbele. Hamna laini, hamna bando. Mimi na shemeji tulijaribu viwili, changu nikakifunga kwenye bomba la antena ya TV juu ya bati hapa Mbezi, chake akapanda nacho boda kuelekea Kimara. Alivyoshuka bondeni tu, kimya. Nikaandika "umefika wapi" mara tatu, wapi. Akaja kupanda juu ya ghorofa la rafiki yake, nikatuma ya nne ndo akaipata, zile tatu za mwanzo hajaziona mpaka leo.

Kwahiyo Nyegezi mpaka Kariakoo sahau kabisa, ujumbe unapokezwa mara 3 ukiacha ilivyo, ukiongeza mwisho 7, na katikati hapo hujui kama kuna mtu ana redio. Dukani na stoo yako, sawa, tena ukiweka juu ya paa raha. Ila ile chaneli inayokuja nayo ufunguo wake wa kuficha ujumbe unajulikana dunia nzima, yeyote mwenye redio kama hiyo anakusoma, badilisha siku ya kwanza. Na uliza mamlaka ya mawasiliano, TCRA, kabla hujaagiza, kifaa cha redio kinahitaji idhini yao. Bitchat, app ya Jack Dorsey, mmoja wa waanzilishi wa Twitter, iliyotoka Julai 2025 nayo ni simu kwa simu kwa blutuuthi, sokoni penye watu wengi inafanya kazi, kutoka Mwanza hadi Dar hapana. Mtu wako wa Kariakoo mzoeshe kupiga na SMS ya kawaida, namba andika kwenye daftari.

Sasa Monero. Ipo toka 2014, na kweli inaficha aliyetuma, aliyepokea na kiasi, Bitcoin haifanyi hivyo. Lakini daftari lake la miamala liko kwenye intaneti. Net ikikatwa huwezi hata kujua kama umelipwa. Muamala mmoja unazidi baiti 1,000, kiredio chako kinabeba 200 na kitu kwa mpigo, utaukata vipande, na bado kule mwisho lazima awepo mwenye net wa kuuingiza.

Alafu kuitoa iwe shilingi. Binance, soko kubwa la kripto, waliiondoa Februari 2024, Ulaya wamepitisha sheria ya kuzuia makampuni yao ya kripto kuishika kuanzia Julai 2027. Utabaki kumuuzia mtu usiyemjua, na yeye anakutumia shilingi kwenye laini uliyosajili kwa NIDA na kidole chako. Huko kujificha kumeishia kwa wakala! BoT walitoa tangazo Novemba 2019 kwamba sarafu hizi haziruhusiwi, alafu Sheria ya Fedha ya 2024 ikaleta kodi ya zuio asilimia 3 kwenye mali za kidijitali, yaani umekatazwa na unakatwa, ndo nchi yetu. Ila kumkwepa TRA mjomba mimi simo. Redio nunua ukiwa na kazi nayo. Mtaji wa vipuri usiuguse.

SWALI: Mjomba, niko Nakuru. Shosho yangu ana kabambe tu, ile simu ya vibonyezo, naskia huduma ya Machankura inatuma Bitcoin bila intaneti. Ni salama?

JIBU: Inafanya kazi. Aliianzisha Kgothatso Ngako wa Afrika Kusini 2022, inapita kwenye USSD kama unavyoangalia salio. Lakini akaunti ni namba ya simu, sarafu wanashika wao sio shosho, na kampuni ya simu inaona anachobonyeza, kwahiyo faragha usiitafute hapo. Huko kwenu sheria ya watoa huduma za kripto ilisainiwa Oktoba 2025, kabla hujaweka hela kubwa angalia nani ana leseni. Mtumie ya sukari tu kwanza, na umkague asiandike PIN nyuma ya kifuniko cha betri, mama yangu mimi nilimkuta nayo hapo, kwa kalamu ya wino.