Jibu: Ujumbe mmoja kwenye RabbitMQ, mteja kakatwa mara mbili

Ndugu, umeuliza kwa nini mteja anakatwa pesa mara mbili ilhali programu yako imetuma ujumbe mmoja tu. RabbitMQ, yaani programu ya foleni inayoshika ujumbe wa programu moja na kuukabidhi kwa nyingine, haijakosea. Ikiwa umeiweka isubiri uthibitisho, haifuti ujumbe mpaka mpokeaji, yaani programu inayoufanyia kazi, athibitishe kuwa amemaliza. Akishakata pesa kisha akazimika kabla ya kuthibitisha, ujumbe unarudi kwenye foleni na kupewa mpokeaji mwingine, naye anakata pesa tena. Tafadhali usithibitishe mapema ili kukwepa hilo, maana seva ikianguka hapo malipo yanapotea kabisa.

Dawa iko kwa mpokeaji. Mtumaji aupe kila ujumbe namba ya kipekee isiyobadilika hata ukitumwa upya. Mpokeaji aiandike kwenye jedwali lisiloruhusu namba kujirudia, ndani ya muamala uleule wa hifadhidata unaopunguza salio, ili yote mawili yafanikiwe au yote yashindwe. Namba ikikataa kuingia, kazi ilishafanyika: thibitisha, songa mbele. Alama ya RabbitMQ ya kwamba ujumbe umerudishwa haitoshi, kwa sababu mtumaji akituma upya baada ya mtandao kukatika, kwa foleni huo ni ujumbe mpya.

Ujumbe unaogoma kila mara upeleke foleni ya pembeni, usiuzungushe milele.