Mwambie daktari na habari za afande

Swali la wiki hii lilikuwa: kunyanyaswa kazini kunaweza kumletea mtu ugonjwa wa mwili, au ni mawazo tu? Ninajibu kutoka Tororo, Uganda, nikiwa mlinzi wa kampuni binafsi. Kunaweza.

Kwetu mnyanyasaji hana haja ya kupiga. Afande wa zamu anakutukana mbele ya wateja. Anakukata mshahara kwa sababu ya kiatu kisichong'aa. Umekesha, kumekucha, anakwambia mwenzako hajaja, endelea mpaka jioni. Ukilalamika unahamishiwa lindo la mbali, nauli imalize kila kitu. Kiti kinaondolewa langoni. Simu ikilia usiku, moyo unaruka.

Huko kuruka kwa moyo si jambo dogo. Mwili ukihisi hatari humwaga homoni za adrenalini na kortisoli: mapigo yanakwenda mbio, mishipa inabana, sukari inapanda kwenye damu ili upate nguvu za kukimbia. Mbwa akikufukuza, baada ya muda unatulia. Afande yupo leo, yupo kesho, na ukirudi nyumbani unamwota. Presha, ambayo kwa kawaida hushuka mtu akilala, inakosa nafasi ya kushuka.

Mwaka 2018 watafiti walitoa matokeo kuhusu wafanyakazi 79,201 wa Denmark na Sweden. Kati ya walionyanyaswa kazini, hatari ya kupata ugonjwa wa moyo au kiharusi ilikuwa juu kwa asilimia 59 kuliko kwa wenzao. Hilo halithibitishi kwamba bosi ndiye chanzo, na sisi walinzi tuna mengine: kukesha kwenyewe, chumvi, sigara. Vidonda vya tumbo tunamsingizia afande. Mara nyingi huletwa na bakteria, au na vidonge vya maumivu tunavyomeza kwa ajili ya mgongo. (Ingawa mgongo wenyewe unauma kwa sababu kiti kiliondolewa.)

Sheria yetu ya fidia kwa wafanyakazi iliandikwa kwa ajili ya ajali na magonjwa yaliyoorodheshwa. Kidole kikikatwa na mashine, kina hesabu yake. Presha ya matusi utaidai vipi? Mwaka 2023 Uganda iliridhia Mkataba namba 190 wa Shirika la Kazi Duniani, unaotambua unyanyasaji wa maneno na vitisho pia. Langoni kwetu bado sijauona ukifika.

Kwa hiyo mimi nategemea daftari. Kwenye vituo vya afya vya serikali tunakwenda na daftari letu, mhudumu anaandika humo vipimo na dawa. Tatizo ni kwamba tukifika tunasema tu, "Kichwa kinauma." Mwambie na ya kazini, umwombe ayaandike: zamu mbili mfululizo, matusi, usingizi hakuna. Mwenzangu mmoja aliongezewa dozi ya presha mara kwa mara bila yeyote kumuuliza analala saa ngapi. Mhudumu akijua, anaweza kukuandikia mapumziko badala ya vidonge zaidi. Na siku ukienda kwa ofisa wa kazi wa wilaya, utakuwa na tarehe zilizoandikwa na mtu mwingine, si maneno yako peke yako dhidi ya afande.

Daftari hilo likae nyumbani. Lindoni hupotea.